Mama Hakatai Hodi

Majina ya marehemu wetu wote yalikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Bibi, mzaa mama, kabla hajafariki alikaa sebuleni akayataja moja moja, mimi namrekodi: nani mtoto wa nani, wa Mlingotini, wa Zinga, mpaka waliozikwa mahali ambapo sasa ni shamba la mtu. Kila tukisoma hitma, mama anafungua faili lile la sauti, anayaandika, anampa mwalimu karatasi. Hakuna mwingine anayeyajua. Na nakala nyingine haipo, maana simu niliyorekodia ilidumbukia kwenye ndoo ya maji ya samaki. Ilifikaje huko, msiniulize.

Shida ni mama. Kwake mtu akipiga hodi anaitikiwa karibu, basi. Kwenye kompyuta ni vilevile. Kikitokea kisanduku kinauliza "Ruhusu?", yeye anaruhusu.

"Mama, huyu unamjua?"

"Simjui. Lakini kaomba kwa adabu."

"Wezi wa siku hizi wana adabu kunishinda mimi!"

"Hilo si gumu, mwanangu."

Wageni wakajaa. Ukitaka kufungua faili la bibi, kwanza uruke matangazo matatu ya dawa ya kupunguza tumbo. Wiki hiyohiyo jirani yetu, fundi cherehani, akakuta picha zake zote za mishono zimefungwa na kirusi, hazifunguki hata kwa dua. Nikasema: kwa bibi hapiti mtu.

Shule niliishia la saba, ila vidole vyangu vina digrii. Nikapakua antivairasi. Nikaona mlinzi mmoja atasinzia, nikaongeza ya pili. Kompyuta ikaganda kama ugali wa jana, kila antivairasi inamwona mwenzake ndiye mwizi.

Nikaitia kwenye begi mpaka kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la kompyuta mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeifanya nini?" Akaangalia, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kijana, umeoa wake wawili ukawaweka chumba kimoja?"

"Nilitaka ulinzi wa kutosha."

"Ulinzi ni kila mmoja na kazi yake. Kwenu mlango na chandarua vinazuia kitu kimoja?"

Akanifanya nishike mausi mwenyewe, yeye anaelekeza. Antivairasi nikabakisha moja. Fayawoli, ule ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni, kumbe ilikuwa imezimwa, nikaiwasha. Nikaweka kizuizi cha matangazo. Maboresho yote niliyokuwa nayaambia "kesho" nikayaachia yaingie, bando likaisha. Mwisho mama yangu nikamfungulia akaunti yake, isiyoingiza programu yoyote bila neno langu la siri.

"Na vyote hivi vikishindwa?" nikamuuliza.

"Vinaweza kushindwa. Ndiyo maana unaweka nakala kwenye flashi, halafu unaichomoa. Na uifungue uisikilize. Nakala ambayo hujaijaribu, usijisifu nayo."

Nyumbani mama akanuna. "Kwa hiyo nimefungiwa ndani ya nyumba yangu?"

"Si wewe mama, ni wageni wako. Wakimfunga bibi, hitma ijayo utampa mwalimu karatasi ya nini?"

Kisanduku kikatokea. Akakitazama kama mgeni kasimama mlangoni na mzigo kichwani.

"Nimwambieje?"

"Bonyeza kataa."

"Hivihivi? Bila hata samahani?" Akaisogelea kompyuta, akasema kwa sauti, "Utuwie radhi, leo hatuna nafasi," akabonyeza.

Nikanakili sauti ya bibi kwenye flashi, tukakaa kuijaribu, yeye na kalamu yake. Majina yakapita polepole. Katikati bibi akakatiza, mkali vilevile: "We mtoto, acha kutafuna, nataja wafu hapa!"

Ni mimi huyo, na bagia mdomoni. Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Halafu akaangalia karatasi yake ya hitma iliyopita, kicheko kikaisha.

"Rudisha nyuma. Hapo, chini ya kutafuna kwako, kuna mtu sijawahi kumwandika."

Nikarudisha. Bagia, bagia, bibi. Nikarudisha tena, masikio yetu yamegusa spika, mpaka jina likatoka, la mwanamke, mdogo wake bibi. Mama akaliandika juu kabisa, kabla ya wote.