Mchekeshaji wa Jumamosi na Choo cha Kambi

Kila Jumamosi kabla ya mechi, yule mchekeshaji wa redio, mdomo usiojua breki, husugua ukingo wa meza kwa kidole gumba, na Noelene, msimamizi wa kipindi aliye nyuma ya kioo, hujua utani unakuja. Leo anasugua bila kukoma. Mkewe ameapa: akimtania tena hewani, Krismasi hii haendi naye likizo. "Mshambuliaji wetu anakosa goli kama karavani yetu, ile nyumba ya kukokotwa na gari, ilivyokosa njia kule kambi ya likizo ya Rosebud, ikarudi kinyumenyume na kubomoa choo," anasema. "Miaka tisa namsingizia mama watoto. Dereva nilikuwa mimi." Watangazaji wenzake wanaangua kicheko: "Muongo wewe, mzee!" Yeye hacheki, anaikodolea macho simu yake. Noelene anaweka matangazo mawili mfululizo ili kumpa muda, huenda mkewe akapiga.