Furushi Nyuma ya Mlango

Siku ya mkutano ule wa kijijini Msangano naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojua kwa nini mama yangu, bibi yako, aliweka furushi nyuma ya mlango. Sufuria moja, kanga mbili na kipande cha sabuni. Tukimuuliza, alisema ni la safari, na safari yenyewe hatukuiona.

Tulikuwa tunamchagua mwenyekiti wa kitongoji. Kila mtu alisimama nyuma ya mgombea anayemtaka. Wafugaji, wale waliohamia na ng'ombe wao, walipokuja kujipanga, vijana wenye fimbo wakawazuia.

"Wa kuja wakae pembeni!"

Mzee Masanja, jirani yetu, alikuwa mbele yao. Mwaka mama alipougua, ng'ombe wake ndio waliotulimia shamba. Niliogopa, nikamshika mama mkono. Akaniponyoka, akaenda kusimama upande wao.

"Na mimi ni wa kuja," alisema. "Nilikozaliwa walianza hivihivi. Kwanza walitutoa mkutanoni, baadaye wakachoma nyumba na baba yangu akiwa ndani. Haya, nani ataanza na mimi?"

Mimi mwanawe wa kumzaa sikuwahi kusikia habari hiyo.

Fimbo zilishuka, tena kwa aibu, maana wengi wa vijana wale walikulia ugali wa mama. Masanja akajipanga. Mgombea wake alishindwa vibaya, na Masanja mwenyewe akaenda kumpa mshindi mkono, yakaisha.

Furushi mama hakulifungua mpaka anakufa.

Sasa wewe umekuja jana kutoka Tunduma na fimbo mkononi na maneno yako ya kwenye simu, eti kesho mtawazuia wajukuu wa Masanja mkutanoni kwa sababu nchi ina wenyewe. Ulipotoka, nilijikuta natafuta kitambaa cha kufungia sufuria. Mimi, kwenye nyumba yangu!

Redioni nasikia ya nchi za mbali, na mwanzo ni uleule: mtu anaulizwa katoka wapi kabla hajaulizwa anamtaka nani. Mwanangu, bishana nao, washinde kwa kura, na wakikushinda, vumilia. Lakini usimtoe mtu kwenye mstari. Hiyo fimbo iache hapa kwangu.

Mungu akujalie watoto watakaokuuliza furushi la mlangoni ni la nini, nawe ukose la kuwajibu kwa kuwa hukuwahi kulihitaji.