Mfereji Uliopanda Mlima

Fundi mwashi alikuwa amejenga kuta miaka thelathini bila kuona maji yakipanda mlima. Siku alipoyaona nyuma ya zahanati, yakitiririka kwenda juu ndani ya mfereji mchafu, alistaajabu kidogo tu. Kilichomtia kinyaa ni mdogo wake mwenyewe, aliyekuwa akiwachotea wagonjwa maji hayo kwa tamaa ya kuitwa Mtumishi wa Mungu.

“Maji yasiyotii ardhi, maradhi yatayaweza wapi?” mdogo huyo alinadi.

Kumdanganya mgonjwa ni uovu. Kumdanganya mzazi ni uozo. Mama yao, mwenye shinikizo la damu, alikuwa ameacha vidonge siku ya tisa sasa, na kikombe cha maji hayo alikuwa nacho mkononi.

“Mama, hebu nishikie,” fundi alisema, akimpa ncha moja ya mpira mwangavu uliojaa maji, ule wa kupimia misingi. Alimwacha kule kulikoonekana juu, yeye akasimama kulikoonekana chini.

“Kaka, muujiza unapimwa kwa mpira wa bustani?” mdogo mtu alicheka.

Lakini ndani ya mpira maji husimama usawa mmoja. Kwa fundi yaliishia magotini. Kwa mama, kifuani.

“Kumbe mimi ndiye niliye bondeni?”

“Ndiyo, mama. Kilima cha nyuma kimeinama, macho yanadanganyika.”

Mama alimmwagia kitindamimba wake kikombe kizima viatuni, kisha akatema mate.

“Nipeleke nikameze dawa zangu,” alimwambia fundi, “kabla sijatapika.”