Mboga Zilizoota Ofisini

Nilianza kazi mwaka tuliokula kabichi mpaka watoto wakaanza kuzikimbia. Barabara ya Mgeta ilikatika, malori hayapandi, kila nyumba kabichi asubuhi, kabichi usiku. Ilipofunguliwa, Mkuu wa Kituo cha ushirika wetu akaniajiri niwe mpokeaji wa mboga. Darasa la nne tu, lakini mkono ninao. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya tenga la nyanya, lile kapu kubwa la kusukwa.

"Juu watakupangia nzuri," akasema. "Wewe zama mpaka chini."

Nikazama mpaka kwapani, nikatoka na rojo la nyanya zilizooza. Mwenye tenga alinitukana, nikamrudishia tenga lake. Hivyo ndivyo nilivyopokea Mgeta, kisha Mlali, hadi nikaletwa mjini kuwa Mpokeaji Mkuu. Bila sahihi yangu lori haliendi kupakia.

Mjini nilimkuta Neema, binti wa kompyuta. Wakulima aliwaweka kwenye jedwali moja, mazao jedwali jingine. Siku moja Meneja wa ushirika alitaka haraka orodha ya mzigo wa wiki, Neema akayaunganisha majedwali. Ikatoka karatasi ndefu kama mkeka. Meneja akampigia palepale tajiri wa Dar anayenunua mboga zetu, akamwahidi mzigo wa kujaza msururu wa malori.

Mimi kusoma, nikacheka. "Neema, Skolastika wa Mgeta halimi ila kabichi. Hizi karoti na njegere kazitoa wapi?"

Neema akashika kichwa. "Bibi, nimesahau kuonyesha nani analima nini. Kompyuta imempa kila mkulima kila zao."

"Yaani wanaume wote wa Mlali na wanawake wote wa Mgeta, umeandika kila mmoja kamuoa kila mmoja?"

"Ndiyo hivyo, Bibi!"

Akarekebisha. Mzigo ukabaki wa lori moja. Lakini Meneja alikuwa keshaahidi.

"Bibi, saini ile orodha ndefu," akaniambia. " Malori yakifika tutajaza chochote."

Tajiri akikuta uwanja mtupu, hapandi tena, na kabichi za wenzangu zitaozea shambani. Nikamwambia, "Sipokei mboga ambayo haijalimwa."

"Nitakustaafisha!"

"Nistaafishe."

Ikambidi ampigie tajiri, ajikunyate kwenye simu. Lori moja likapanda, likarudi limejaa, na mpaka leo tajiri yule hajatuhama. Mimi nikastaafishwa, nikaagwa kwa soda na kitenge.

Sasa nakaa nyumbani Kilakala, kucha zangu hazina tena rojo, na sijutii tenga hata moja nililorudisha. Juzi Meneja kanifuata.

"Shikamoo Bibi. Wakulima wanaiamini sahihi yako. Uwe unasaini hapahapa nyumbani, mzigo huna haja ya kuuona."

Nikammiminia chai kwanza.

"Sipokei mboga ambayo haijalimwa."