Tangazo Nililolisoma kwa Pumzi Moja

Wiki iliyopita nilipita Rudewa nikitokea Mikumi, nikateremka pale ilipokuwa kambi ya shamba la mkonge. Kwenye ukuta wa duka la kando ya barabara palikuwa pamebandikwa tangazo, na mama mmoja alikuwa akiwasomea wenzake, haraka, bila kukosea. Niliondoka kabla hajamaliza. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nililelewa na bibi katika kambi hiyo, miaka ambayo mashamba ya umma yalikuwa yakiuzwa. Mashine ya kusindika mkonge ilikuwa imenyamaza, harufu yake ya uchachu imebaki kwenye mitaro tu, nasi tulilima mahindi na mbaazi katikati ya mistari ya mkonge. Madukani sabuni zilijaa za kila rangi, lakini watu wazima waliongea kwa sauti ya chini juu ya mnunuzi.

Asubuhi moja karani alibandika tangazo kwenye ukuta wa stoo, akaketi chini yake na fomu na kidau cha wino. Nilikuwa msichana wa darasa la sita. Shuleni kwetu aliyejua kusoma ni yule asiyekwama, na mwalimu alitusifu kwa kasi. Jirani yetu, mama wa nyumba ya pili kutoka kwetu, akanisukuma mbele.

"Haya, mtangazaji wa redio! Usitutafunie maneno."

Nilisoma mistari yote tisa, sentensi moja, kwa pumzi moja. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza maana. Jambo lililosomwa vizuri namna ile lilionekana jema. Foleni ya kuweka dole gumba ikaanza. Bibi alichukua fomu yake, iliyorudia maneno yale yale, akaondoka, kwa sababu alikuwa ameacha maharage motoni. Ni hilo tu lililotuokoa.

Jikoni aliniuliza, "Sasa limesema nini?"

Nikasoma tena, kwa madaha yale yale.

"Nimekuuliza limesema nini. Sikukuambia uimbe. Nipe tonge moja moja."

Nikasoma hadi mkato wa kwanza. Bibi, ambaye hakujua hata herufi, akalirudia tonge lile kwa Kisagara, lugha yake. Aliposhindwa, tulirudi nyuma. Kila tonge aliuliza maswali yale yale: nani, afanye nini, asipofanya je? Lililoeleweka aliliwekea punje ya haragwe mkekani. Lililokataa, punje ilikaa juu ya jiwe. Tulikwenda hivyo, moshi ukituchoma macho, hadi tulipofika kwenye maneno ya mkazi atakayehesabiwa kuwa amehama kwa hiari yake.

Mkono wa Bibi ukabaki hewani. "Nani huyo amehama?"

"Aliyeweka dole gumba."

"Na asiyeweka?"

Nilitafuta kwa kidole. Ulikuwa mstari wa mwisho: huyo angesikilizwa na kamati kabla nyumba yake haijaguswa.

"Kimbia kwa jirani," Bibi akasema.

Nilimkuta njiani, ameliweka gumba mbali na kanga lisije likaichafua. Lilikuwa la zambarau. Nilimweleza kwa maneno machache, na safari hii nilikwama kila mahali. Alilisugua gumba lake kwa mchanga.

"Lakini mwanangu, mbona ulisoma vizuri?"

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akiuliza.

Kamati ilimwachia Bibi nyumba yake. Baadaye alifariki, kambi ikabomolewa, na sasa pale ni majani tu. Nimejisomea mengi tangu hapo, sheria hata elimu ya udongo, kwa vitabu vya kuazima, na kila ukurasa mgumu naukata tonge tonge.

Lakini kabla ya hayo yote, siku jirani alipohamia Masanze, vyombo vikiwa tayari kwenye tela la trekta, nilimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba, akatoa karatasi ya kiwanja kipya kifuani.

"Nisomee," alisema. "Lakini pole pole."

Tulikaa kizingitini. Trekta lilipopiga honi, tulikuwa hatujafika hata nusu.