Dadu Haifunikwi

Mimi ni mkaidi, na uzee haujanipunguzia. Kwenye mchezo wetu sitaki simu, sitaki kikokotoo, sitaki penseli za kubonyeza. Nataka karatasi ya grafu, penseli ya mbao iliyochongwa kwa wembe, na dadu ya pande ishirini inayorushwa kwenye sinia la bati mahali kila mtu anaiona. Wanangu hunicheka. Ati siku hizi simu inarusha dadu na kujumlisha yenyewe. Nawaambia wacheze na simu zao.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Mmoja anasimulia, yaani mimi, na kila mwenzangu ana mtu wake ndani ya hadithi, ambaye nguvu zake na vitu vyake vimeandikwa kwenye karatasi. Mtu huyo akikutana na hatari, dadu ndiyo inaamua. Tulifundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea tukiwa shule ya bweni huko Kitale, naye alipoondoka akatuachia dadu zake. Zilikuwa za zamani, namba zimechongwa bila rangi, ikabidi tuzijaze kwa krayoni nyeupe. Krayoni ikitoka, unajaza tena. Kazi hiyo ilikuwa ya rafiki yangu ambaye sasa analima mahindi kule kule Kitale, na hakuruhusu mwingine aiguse. Wa tatu wetu alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye, na mpaka leo hawezi kuandika kabla hajaipapasa karatasi na kuisema vibaya.

Tuna sheria ambazo hatujawahi kuziandika. Anayerusha ndiye anayesoma, kwa sauti. Dadu haifunikwi. Na mtu wako akifa, amekufa: karatasi yake inapigwa mstari na kutiwa kwenye mkebe wa majani chai. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, lakini sheria hizo nilijivunia kuliko cheti changu.

Mwaka huu macho ya mkulima yaliharibika kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Jumamosi moja alasiri alifika kwangu Bungoma ameshikwa mkono na mkewe. Mama huyo akamkalisha, akaninong'oneza nisimchoshe, kisha akaenda sokoni.

Mtu wa mkulima kwenye hadithi ni mwindaji anayeogopa vyura. Alimtunga tukiwa kidato cha pili, kwa hivyo mwindaji ni mkubwa kuliko watoto wake wote. Siku hiyo mwindaji alikuwa katikati ya daraja la kamba, juu ya korongo, na kamba ikaanza kukatika. Alihitaji kumi na moja au zaidi ili afike ng'ambo.

Akarusha. Dadu ikazunguka, ikatulia. Ilikuwa tatu.

"Nisomee, Mwalimu," akasema.

Hakuna aliyewahi kumsomea mwenzake. Nilimtazama mwenzetu wa Webuye, naye akatazama chai yake. Nikafikiria macho ya rafiki yangu, nikafikiria ule mkebe.

"Kumi na nne," nikasema.

Nilijiona mtu mwema sana. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata kwenye kikombe cha chai. Aliunyoosha mkono, akapapasa sinia taratibu, akaipata dadu na kuiwekea kidole gumba juu bila kuisogeza. Tangu macho yamshinde hakuna aliyejaza krayoni, na michongo ya namba ilikuwa wazi, kidole kinaisoma.

"Hii ni tatu."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Bibi yangu ananiambia mahindi imesimama vizuri," akasema. Hakupandisha sauti. "Watoto wananiambia daktari amesema nitaona tu. Kila mtu ananisomea kumi na nne, bana. Mimi nilitoka Kitale mpaka hapa sababu hapa dadu haifunikwi."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Akaomba penseli. Wa Webuye akamwekea karatasi ya mwindaji mbele yake, naye akaipiga mstari mwenyewe. Mstari ulienda upande, ukatoka kwenye karatasi na kuchora kwenye meza yangu. Sijaufuta. Wa Webuye akaikunja karatasi na kuitia mkebeni.

"Sasa niambie," mkulima akasema. "Mwezi jana ulipita kwangu. Mahindi yangu si uliyaona?"

Nilikuwa nimeyaona. Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani, akaniomba nisiseme.

"Yameliwa na viwavi," nikamwambia. "Upande wa mto hakuna kitu cha kuvuna. Kule juu labda nusu."

Alisugua kidole gumba chake. Kisha akaomba karatasi mpya, ya kumtunga mtu mwingine.