Nilibadilisha supachaja ya Baba kwa turbo, na Jumamosi anataka kuisikia

Admin, ukiposti usiweke jina langu wala usitaje rangi ya gari, maana Kigali ni ndogo na gari lenyewe watu wa mtaa wa Kabeza wanalijua. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, fundi magari, sijaoa. Nyumbani tumekua tukiongea Kiswahili, kwa kuwa babu wa baba yangu alikuja huku na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa hapa. Baba naye ni fundi. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye niliyemkosea.

Baba ana namna yake ya kufanya kazi. Mteja akileta gari, hafungui boneti kwanza. Anakaa kiti cha abiria, anashusha kioo, anamwambia mteja apandishe kilima, kisha anafumba macho na kusikiliza. Wakirudi gereji ameshajua ugonjwa. Nilikua nikiliona hilo hadi nikadhani mafundi wote wako hivyo.

Miaka mitatu iliyopita mteja mmoja aliyekuwa anahama nchi alituachia gari dogo la spoti la viti viwili, jepesi, injini imekufa. Baba akasema hili haliuzwi, ni letu sisi wawili. Tulilifufua kidogo kidogo kila Jumapili. Lilipowaka, kwenye vilima vyetu likawa linahema kama mtu mwenye pumu, tukakubaliana liongezewe nguvu. Hapo ndipo tulipogawanyika.

Baba alitaka supachaja, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ukikanyaga tu inavuta. Mimi nilitaka turbo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi, kwa sababu Kigali iko juu, hewa ni nyepesi, na turbo haibebeshi injini mzigo. Tulibishana wiki nyingi, mwanzoni kwa utani. Aliniambia, "Hii gari iko nyepesi, mwanangu. Nyepesi haina haja ya kungoja." Alikuwa anaisema turbo, ambayo huchelewa kidogo kabla ya kuvuta. Mwishowe akapanda basi mwenyewe mpaka Kampala, akarudi na supachaja iliyotumika, ameipakata njia nzima.

Sikumshukuru. Mbele ya wateja wawili nilimwambia, "Baba, siku hizi gari inatengenezwa na kompyuta, si masikio." Alifuta mikono, akavaa kofia yake, akaenda kuswali, na tangu siku hiyo hakurudi gereji. Wiki iliyofuata, hasira bado haijaniisha, niliichukua supachaja yake nikabadilishana na fundi mwingine aliyekuwa na turbo. Nikaifunga turbo. Siku chache baadaye Baba akapata kiharusi nyumbani, Kagarama. Daktari alisema ni presha ya muda mrefu, lakini mimi najua nilichosema.

Siku ya tatu hospitali alifungua mdomo, maneno yakitoka upande mmoja. Akauliza, "Umefunga?" Nikasema nimefunga. "Ile yangu?" Mama alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ile yako, Baba." Alilia. Akanishika kwa mkono wake ulio mzima, akasema amenisamehe yote. Nilisamehewa kwa sababu ya kitu ambacho sikukifanya, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Sasa ni miezi mitano. Kwenye mlima mrefu gari linapanda vizuri, hapo nilikuwa sahihi. Lakini pale makutano ya Sonatubes taa zikiruhusu, linasita kwanza ndipo linaruka, na kila likisita namkumbuka Baba. Nyumbani silifikishi. Nalisimamisha chini kwenye maduka, napanda kwa miguu, maana dirisha la Baba linatazama barabara. Supachaja ina mlio mwembamba unaoanza pale unapokanyaga, turbo hupiga mluzi wake baadaye. Wewe na mimi tunaweza tusijali. Baba atajua kabla sijaingiza gia ya pili. Nilikwenda kwa yule fundi kuomba supachaja yetu anirudishie, nikakuta ameshaifunga kwenye gari la mteja, na gari limeshavuka mpaka.

Baba sasa anatembea kwa fimbo. Jana aliniita, akasema Jumamosi hii, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, ukiisha na barabara bado haijajaa magari, nimpeleke mpaka Sonatubes na kurudi. "Itakuwa kimya," akasema. "Nitasikia vizuri." Mama ameshaifua ile kofia. Wakati natoka alinisindikiza mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Disi, maskini mwanangu, viatu yako iko na vumbi kila siku, na gari unayo. Mzee ameniuliza mara mbili." Nikajifanya natafuta simu mfukoni.

Kuna watakaosema nimdanganye tena, nimwambie supachaja iliharibika. Uongo wa kwanza umenimaliza, wa pili sitauweza. Na msiniambie kwamba ni gari tu, tafadhali. Naiogopa presha yake. Naogopa zaidi kwamba atanyamaza kama siku ile, afute mikono, na safari hii hatabaki na muda wa kunisamehe tena.

Zimebaki siku nne. Ndugu zangu, wazazi mliomo humu, nishaurini. Nimwambie kabla hajafunga mkanda, au nipandishe kilima nimwache afumbe macho, asikie mwenyewe nilichomfanyia?